Koti Lisilofuliwa

Koti la Kazimili lilikuwa jeusi kuliko makoti yote kituoni, na aliyelisifia kwa weusi huo ni mimi. Naanza na hilo makusudi. Watu wakihadithia msiba huanza na ugonjwa, kwa sababu ugonjwa hauna mdomo wa kujitetea. Mimi ninao. Naitwa Sajenti Ferdinand, mtu wa Mabawe, Ngara, mwaka wa ishirini na tisa huu katika zimamoto, na kwa mdomo wangu huu nimezima mambo mengi ambayo hayakuwa moto.

Kituo chetu cha Biharamulo ni kidogo, kiko kando ya barabara kuu inayopeleka malori Rusumo na Kabanga. Tuna gari moja na watu wachache wa kupokezana zamu. Simu ikiita, ujue ama lori la mafuta limelala mtaroni, ama soko linaungua, ama jiko la mtu limeshika paa la nyasi. Kila mtu alikuwa na koti moja. Makoti yenyewe yalitufikia yakiwa yameshavaliwa na wazimamoto wa nchi za watu, na mengine yalikuwa bado na majina yao mgongoni. Tuliyatundika kwenye misumari ukutani, na mimi ndiye niliyeyapanga: jeusi kuliko yote mwanzo, na lililo safi mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Hakuna bosi aliyeniagiza nifanye hivyo.

Mgeni akiripoti na koti safi, tulimbatiza. Nilikuwa nasugua kiganja changu kwenye koti langu mpaka kishike masizi, halafu nampaka kifuani, mikononi na shavuni kidogo, wenzangu wakiitikia amina. Padri angetusikia angetufukuza parokiani. Na yeyote aliyethubutu kulifua koti lake tulimwita bibi harusi, na jina hilo lilimganda mpaka moto mwingine utokee. Kuna mmoja alihama kituo akiwa bado bibi harusi.

Ukiniuliza kwa nini hatukufua, nilikuwa na jibu la kiofisi. Koti ni moja. Likiloa na simu ikaita, utaingia motoni na koti bichi, mvuke ukuchemshe kama muhogo. Jibu hilo lina ukweli wake, sikatai. Lakini jua la kiangazi la Biharamulo hukausha koti kabla ya saa kumi alasiri, na kuna miezi tuliyokaa kituoni tukicheza bao bila simu hata moja. Ukweli ni kwamba tulipenda kunuka moto. Mtu akipita sokoni ananuka moto, wanawake wanampisha, na wanaume wanamwita mkuu.

Siku moja alikuja ofisa kutoka mkoani, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, akatufundisha asubuhi nzima. Alisema masizi si uchafu kama vumbi, ni sumu, nayo hupenya kwenye ngozi, hasa shingoni na kinenani, mtu akiwa na jasho. Alisema tuvue makoti palepale kwenye moto, tuyasuuze kabla ya kupanda gari, tunawe kabla ya kula, na koti lisifike nyumbani kwa mtu. Nilinyoosha mkono nikamuuliza kama amewahi kumwona simba akipiga mswaki. Darasa zima lilicheka, na yule binti akacheka pia kwa aibu, akakunja karatasi zake. Aliyekuwa bado anaandika kwenye daftari ni Kazimili peke yake.

Kazimili alikuwa Msukuma. Baba yake aliswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Nyantakara wakati Kazimili bado anabebwa mgongoni, wakajenga huko, wakazungushia mji wao, yaani boma la nyumbani, ua wa minyaa. Yeye aliniita mla ndizi, mimi nilimwita mla michembe, vile viazi vyao vikavu, na kwa matusi hayo tuliishi kama ndugu. Nilimsimamia alipofunga ndoa na Kwandu. Binti yao wa kwanza, Wema, alijifunza kutembea akiwa ameshika vidole vyangu viwili. Hayo nayataja ili mjue kwamba mtu niliyemharibia hakuwa mtu baki.

Sasa nije kwenye Nyakahura.

Ilikuwa siku ya gulio, miaka minane iliyopita. Duka moja lilishika moto kwenye betri ya sola. Upande wa mbele mwenye duka aliuza magodoro na mabeseni ya plastiki, na upande wa nyuma aliweka mbegu na dawa za mifugo. Tulipofika, moshi ulikuwa mweusi wa magodoro. Baadaye ukageuka, ukawa na unjano fulani, na ukaleta harufu kama ya kitunguu swaumu kilichooza. Kazimili alinishika bega akanipigia kelele sikioni kwamba hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikampungia mkono aendelee kushika mpira wa maji. Tulikuwa na mitungi miwili ya hewa, na kila mmoja ulikwisha kabla ya nusu saa. Muda uliobaki, na ulikuwa saa mbili na zaidi, tulifunga vitambaa vibichi mdomoni tukaendelea. Duka halikupona, ila maduka ya pembeni yalipona, na watu wa Nyakahura walitupigia makofi.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya gari nakunywa soda niliyopewa bure, mikono yangu ikiwa myeusi vilevile, nilipomwona Kazimili akivua koti lake mbali na gari. Alilishika kwa vidole viwili, akaliweka juu ya jiwe. Akaenda kwenye kibanda, akanunua mche wa sabuni, akaukata nusu, nusu nyingine akampa mama mmoja aliyekuwa amesimama pale. Kisha akanijia na kile kipande mkononi.

Alinieleza kwa utulivu, kama anavyoeleza mtu jambo asilolionea aibu. Kwao, alisema, aliyenyunyizia ng'ombe dawa haingii ndani na shati alilolivaa. Analivua nje ya mji, analitundika kwenye minyaa, na hapo linakaa mpaka lifuliwe kwa majivu na sabuni. Hata mtoto mdogo anajua. Yeye mwenyewe aliwahi kusahau akaingia nalo, akagusa chungu cha ugali. Baba yake akamchapa fimbo, na ule ugali wakaumwaga wote wakati nyumbani kulikuwa na njaa. Ile dawa iliyoungua dukani ilikuwa ni ileile, na sasa tulikuwa tumeivaa.

"Sajenti, naomba ndoo mbili za maji yaliyobaki kwenye gari," alisema. "Nifue langu, na la kwako nikufulie."

Hilo la mwisho ndilo linaloniamsha siku hizi. Alitaka kunifulia na mimi.

Watu walikuwa wamejaa, wanatutazama. Nami nilikuwa na soda mkononi, sifa kichwani, na ulimi usio na pingu. Nilisimama juu ya ngazi nikatangaza kwamba watu wa Nyakahura walete vigelegele, leo tuna bibi harusi, anataka kuoga kabla ya kupelekwa kwa bwana. Na akina mama wakapiga vigelegele kweli. Soko zima lilicheka. Wenzetu wa zamu walicheka mpaka wakashikana. Kazimili naye alitabasamu, akaangalia chini kidogo, akakiviringisha kile kipande cha sabuni kwenye mfuko wa nailoni, akakitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akalivaa tena koti, bichi na lenye sumu yake, akapanda gari.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Huu wangu ulichukua miaka minane kutumbuka.

Tangu siku ile hakuwahi kulifua, wala hakuwahi kunisumbua tena. Kilichofuata ni kwamba koti lake lilizidi kuwa jeusi, na mimi nikalihamisha msumari baada ya msumari mpaka likakaa wa kwanza, mbele hata ya langu. Siku nilipolitundika pale niliwaita wote, nikampa mkono. Siku zake za mapumziko alikuwa anapanda pikipiki mpaka Nyantakara, na kwa sababu ya baridi ya njiani alilivaa lilelile. Nyumbani lilikaa nyuma ya mlango wa chumba. Hayo sikuyajua wakati ule, au niseme sikuyauliza.

Ugonjwa ulianza na damu kwenye mkojo. Alificha miezi mingi, kwa sababu mwanamume wa kwetu huku afadhali aseme anadaiwa kuliko kusema hilo. Alipomwambia Kwandu, tayari alikuwa amepungua. Tukampeleka Mwanza, mimi na Kwandu, kwenye hospitali kubwa, na huko wakatuambia ni kansa ya kibofu cha mkojo na kwamba tumechelewa.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye subira. Aliuliza kama mgonjwa anavuta sigara, tukasema hajawahi. Akauliza kazi yake, nikajibu kwa majivuno kabisa. Akaandika, kisha akauliza, bila hata kuinua macho, zile nguo za kazi wanafulia wapi na baada ya muda gani. Kwandu alikuwa ametoka kuchukua dawa. Chumbani tulikuwa watatu.

"Kituoni," nikasema. "Kila baada ya moto."

Daktari akaandika na hilo. Alisema hawezi kuapa kwamba ugonjwa umeletwa na jambo moja, kwa sababu kansa haina risiti, lakini wazimamoto ni kati ya watu ambao siku hizi lazima waulizwe. Kazimili alikuwa amelala palepale, macho wazi. Alinitazama. Nilingoja aseme, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaandaa jibu la kumcheka. Hakusema. Alinigeukia tu, akaniuliza kama gari letu limeshatengenezwa breki.

Alikufa mwezi wa tano, nyumbani kwake, mchana, Kwandu akimlowesha midomo kwa pamba.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumepewa makoti mapya, na ya zamani yameandikwa kwamba hayatumiki tena. La Kazimili nilikuwa nimekataza lisitupwe. Siku ya maziko nililibeba kutoka kwenye msumari wa kwanza, nikalitandika juu ya jeneza, na nikahutubia. Nilisema koti hili halijafuliwa hata siku moja, kila doa lake ni nyumba ya mtu iliyopona, litazameni. Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia, na nilipokuwa nalia nilijisikia nimesema vizuri. Watu walipoanza kuinua jeneza, baba mkubwa wa Kazimili, Mzee Fabiani, aliliondoa koti akasema lisizikwe. Wema amemaliza mafunzo ya zimamoto, lingojee siku ya kugawa vitu.

Siku hiyo ilikuwa katikati ya mwezi wa sita, vumbi limeshaanza. Nilifika Nyantakara asubuhi, nikamsalimia Mzee Fabiani shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha karibu yake kama mtu wa ukoo. Ndugu walikuwa wameshanyolewa. Nguo za marehemu zilitandikwa kwenye mkeka uani, na mzee aliziita moja moja. Suti ya harusi ilikwenda kwa mdogo wake. Mabuti ya mvua yalikwenda kwa shemeji aliyekuwa na mguu unaolingana. Blanketi, redio, mkanda. Kila aliyepokea alisema wabeja, yaani asante, akakaa. Kwandu alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, na hakuangalia kitu hata kimoja kati ya vile vilivyoondoka.

La mwisho lilikuwa koti. Mzee Fabiani alilinyanyua kwa mikono miwili, kwa maana lilikuwa zito.

"Mayu, mama yangu," alimwambia Wema, "hili ni la kwako. Baba yako hakuacha ng'ombe wengi, ila aliacha kazi."

Wema alipokea kwa magoti. Ana miaka ishirini na miwili, mrefu kama baba yake, na ana ile tabia ya baba yake ya kusikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalikunja alipeleke ndani. Badala yake aliingia yeye, akarudi na koti jingine, jipya, lina mistari ya kukunjwa bado, alilopewa kwa ajili ya kituo alichopangiwa. Akayatandika yote mawili kwenye mkeka, jipya kando ya lile la zamani, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Baba mdogo, baba alinisimulia mnavyobatiza," alisema. "Jumatatu naripoti. Naomba unibatize kwa masizi yake."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Mmoja alisema huyu kweli ni mtoto wa Kazimili. Nami nikaona aibu kukataa na furaha ya kuombwa, vyote kwa pamoja, kama nilivyo siku zote. Nilipiga goti. Nikaweka kiganja kwenye kifua cha lile koti la zamani nikaanza kusugua, na harufu ikapanda, magodoro, dizeli, na chini yake kabisa, ama ni mawazo yangu tu, kitunguu swaumu. Mkono wangu ukagonga kitu kigumu upande wa ndani.

Nilikitoa. Kilikuwa kimeviringishwa kwenye nailoni, mara tatu au nne. Nilijua kabla sijakifungua, lakini vidole vilikifungua hivyo hivyo. Nusu mche wa sabuni, umekauka, umepasuka katikati, na pembe zake bado kali. Haujagusa maji hata mara moja.

Mzee Fabiani alicheka kidogo, akasema Kazimili alipenda usafi tangu utotoni. Watu wakatabasamu. Wema akauliza sabuni hiyo ni ya nini.

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na mtu asiniambie haukuwepo. Ningesema sijui, na hakuna aliyekuwa hai pale ambaye angenibishia. Waliocheka Nyakahura walishasahau siku ileile. Daktari wa Mwanza alikuwa na karatasi yenye maneno yangu. Kazimili alikuwa amezikwa hatua thelathini kutoka pale nilipopiga goti. Nilitazama kiganja changu kilivyokuwa cheusi, na koti jipya la yule mtoto lilivyokuwa safi, na nikaona kwamba nikinyamaza lazima nimpake. Hakuna njia ya katikati. Wanangoja.

"Alinunua afue koti," nikasema. "Mimi nilimzuia."

Nikawaeleza. Niliwaeleza duka, dawa ya ng'ombe, ndoo mbili, na vigelegele. Sikupunguza. Nilipofika kwenye bibi harusi, baadhi ya wazee waliangalia pembeni, kwa sababu kwa watu wa ng'ombe lile halikuwa jambo la kucheka. Wote pale wana shati lao kwenye minyaa. Nikawaeleza na yule ofisa wa mkoani, na simba wangu. Nikawaeleza nilichomjibu daktari. Nilisema sijui kama ni koti lililomuua, hata daktari hakusema hivyo, lakini ninajua yeye aliogopa koti, na alikuwa na haki ya kuliogopa, na mimi nilimfanya aone aibu.

Kuku walikuwa wanaparua kwenye maganda ya muhogo nyuma ya jikoni, na nilisikia kila ukucha.

Kwandu ndiye aliyeuliza. Hakuondoa khanga usoni.

"Alikuomba mara ngapi, shemeji?"

Nilitamani iwe mara nyingi. Ingekuwa mara nyingi ningesema tulibishana, tulikuwa wanaume wawili wenye vichwa vigumu.

"Mara moja," nikasema. "Mara moja tu. Sikumpa nafasi ya pili."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu iliyokuja sawa na alivyodhani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba sasa ameelewa jambo moja. Miaka hiyo Kazimili akirudi usiku kutoka zamu, alikuwa anasimama nje kwa muda mrefu na pikipiki imeshazimwa. Yeye akiwa ndani alidhani anavuta hewa. Siku moja alichungulia akamwona amevua koti, amelishika mbele ya minyaa, anataka kulitundika, halitundiki. Mwisho akalivaa, akaingia. Alipomuuliza, alisema anaogopa litaibiwa.

Wema alikuwa ameketi chini, mikono kwenye mapaja.

"Mimi nilikuwa najifunika nalo," alisema. "Wakati wa mvua. Nilikuwa nalichukua nyuma ya mlango."

Alikuwa na miaka kumi na minne wakati wa moto wa Nyakahura. Sikuwa nimelipigia hesabu hilo. Kati ya mambo yote niliyoyaogopa njiani asubuhi ile, hilo halikuwemo, na lilinipiga nikashindwa kumtazama. Kwandu akaondoa khanga usoni sasa, akamtazama mwanaye kama anamkagua, kuanzia nyayo mpaka kichwani, na sura aliyokuwa nayo siwezi kuiandika. Namuombea Wema kila asubuhi. Namuombea kabla ya kuwaombea wanangu.

"Litoe hapa," Kwandu aliniambia. "Kalitundike pale alipotaka yeye. Wewe mwenyewe."

Nililibeba. Nilikuwa nimelibeba mara nyingi, ila siku ile niliona uzito wake wote, na nikaona kwamba sehemu ya uzito ule haikuwa kitambaa. Nililipeleka nje ya mji, nje ya ua, nikapenyeza mikono yake kwenye matawi ya minyaa, upande usioelekea nyumba. Utomvu mweupe ulinidondokea mikononi, wanasema ukiingia machoni unapofusha. Nilisimama pale. Nilimwambia Kazimili kwamba nimelitundika. Ni maneno ya kijinga kumwambia mtu aliyekufa, lakini nilikuwa nimechelewa kuyasema kwa miaka minane na sikuwa na mengine.

Niliporudi nilitegemea kuambiwa niondoke, na ningeondoka. Mzee Fabiani alikuwa amewaambia watu waende wakale. Wengine walinipita bila salamu, na ni haki yao. Kwandu alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango.

Pale uani alikuwa amebaki Wema na beseni. Alikuwa ameweka ndani yake lile koti lake jipya, kwa sababu lilikuwa limelala kwenye mkeka mmoja na lile la baba yake, na mkono wangu ulikuwa umepita juu yake. Koti ambalo halijawahi kuona moto. Alikuwa anasugua kifuani kwa ile sabuni ya Nyakahura, na sabuni ilikuwa kavu mno, haikutaka kutoa povu. Alisugua tu, machozi yanadondokea kwenye beseni, hayafuti.

Wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanamwangalia mzimamoto mpya anafua koti. Hakuna aliyecheka. Nilinawa mikono yangu kwanza, kwa majivu, mpaka kwenye viwiko, kama wanavyofanya wao. Kisha nikachukua ndoo mbili, nikaenda kumchotea maji.